Kitabu cha kuanzia barazani: upelelezi, riwaya ya historia, mashairi au tafsiri?

Mwana wa Kikwajuni
Assalaam alaykum. Mtaani kwetu tuko watu saba, tumekubaliana kila Alhamisi baada ya Isha tukae barazani tusomeane kitabu kwa sauti. Mdogo wetu yuko kidato cha pili, mkubwa ni babu ambaye macho yake hayashiki tena maandishi. Sasa kila mtu na lake. Vijana wanataka upelelezi, mimi nataka Kuli ya Adam Shafi, babu anataka mashairi, na dada mmoja kashikilia Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa. Nyinyi mngeanza na kipi, na kwa nini?

Bi Chake
Waalaykum salaam mwanangu. Anza na Bwana Msa, yule mpelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale nilisomewa na marehemu ami yangu hapa Chake Chake, kandili imewekwa juu ya kinu. Kila akifika pahala pazito hufunga kitabu akatuuliza, "Haya, muuaji nani?" Tukibishana mpaka mama anatufukuza tukalale. Kimetoka 1960, lakini maneno ya Bwana Msa na msaidizi wake Najum ukiyasoma kwa sauti hayakukwamishi ulimi popote. Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, alikuwa na sikio. Kitabu cha baraza kina sharti moja tu: msikilizaji aondoke akitamani Alhamisi ijayo.

Mpenda Kurasa
Bi Chake, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Upelelezi una ila kwa baraza: aliyekosa siku moja kapotea. Sisi Malindi tulijaribu. Mwenzetu alifiwa, akakosa wiki mbili, aliporudi ikabidi tuanze kumsimulia nani alikuwa wapi saa ngapi. Na muuaji akishajulikana, mazungumzo yamekwisha.

Kuli haikwishi. Ule mgomo wa makuli wa 1948 unaosimuliwa humo ulianzia bandarini hapa Unguja ukaushika mji mzima, na huyo babu yenu kama hakuuona basi kasimuliwa na wazee wake. Tulipofika kwenye habari za upakuzi, mzee mmoja alinyanyuka akatuonesha gunia linavyopandishwa begani: goti moja chini, mkono kwenye ncha ya gunia, unavuta pumzi, ndipo unainuka. Akatuonesha na bega lenyewe, lilivyolala upande. Usiku ule hatukusoma tena. Tulimsikiliza yeye.

Mtumbatu
Mbona babu mnamuacha nyuma, na yeye ndiye asiyeweza kwenda kujisomea peke yake? Chukueni Kimbunga, diwani ya Haji Gora Haji. Shairi moja linatosha usiku mmoja, hakuna wa kuachwa njiani. Halafu ndiyo mbishane: kimbunga kile ni upepo, au ni jambo jengine kabisa? Ila msomaji awe anazijua mizani. Shairi likisomwa kama tangazo la redio limekufa. Mpeni babu aghani, nyinyi mshikieni kitabu mumkumbushe mshororo.

Dada wa Jang'ombe
Mimi ni wa Peponi, tena nitasema dhidi yake. Gurnah alipopata Nobel 2021 tulishangilia sote, na wengi wetu hatukuwa tumemsoma, maana anaandika Kiingereza. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilipotoka 2022 niliifungua kwa wasiwasi, tafsiri nyingi zinanuka lugha zilikotoka. Hii hapana. Yule mtoto Yusuf anayetolewa nyumbani kwa ajili ya deni la babaake anazungumza kama mtoto wa kwetu. Lakini ni kitabu cha kusoma kimya. Pahala pengine nilirudia ukurasa mara tatu, na barazani huwezi kumwambia msomaji arudie mara tatu. Kiwekeni cha mwisho, kila mtu akisome kwake, mkutane kuzungumza.

Bi Chake
Mpenda Kurasa, hilo la kupotea nimelikubali. Dawa yake: yule wa kidato cha pili aandike nusu ukurasa kila wiki, aliyekosa asomewe kwanza. Na insha zake skuli zitanyooka.

Mwana wa Kikwajuni
Nimemsomea babu majibu yenu yote. Kasema ataghani shairi moja la kufungulia kila Alhamisi, halafu tusome Bwana Msa, Kuli ifuate. Tatizo limebaki moja: nakala ya Mzimu niliyoazima haina kurasa za mwisho, zimechanika. Mwenye kitabu kizima hapa Mjini aniambie, nitakifuata mwenyewe na kukirudisha kama kilivyo.