Mjadala: Mhasibu alazimishwe kwenda likizo?

Hoja: Kila kampuni Nairobi iwalazimishe wanaoshika fedha kupumzika wiki mbili mfululizo, nywila zao zikiwa zimefungwa.

Mkaguzi wa hesabu, Upper Hill
Naunga mkono. Mhasibu asiyeondoka kamwe husifiwa kuwa mchapakazi, na hiyo ndiyo dalili yenyewe ya wizi. Mteja wa kwanza analipa shilingi 80,000, zinamezwa. Wa pili akilipa, pesa zake zinaandikwa kwa jina la wa kwanza, za wa tatu kwa jina la wa pili. Mnyororo huo unataka mkono uleule kila siku. Ukikosekana, simu zinaanza: "Mbona mwanidai na nimeshalipa?"

Afisa wa wafanyakazi, Industrial Area
Ndugu mkaguzi, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Ni haki yake, usiigeuze mtego. Wengi hawaendi kwa kuwa hakuna wa kuwashikia kazi. Tena wizi wa ununuzi mara nyingi hufanywa na wakubwa wa mhasibu. Huko tazama makaratasi: ankara za 98,000 na 99,500 wakati kikomo cha kuidhinisha ni 100,000, ankara nambari 41, 42 na 43 kwa miezi mitatu mfululizo, yaani muuzaji hana mteja mwingine ila ninyi, wauzaji wawili, PIN (nambari ya mlipa kodi) moja ya KRA. Ripoti ya ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, ya 2024 ilionyesha asilimia 43 ya kesi zilifichuliwa kwa fununu. Aliyetiwa hofu hatoi fununu.

Mweka hazina wa sacco, Kariobangi
Likizo bila mtu wa kufanya kazi yenyewe ni bure, kwani mhasibu atarudi akute rundo lake vilevile. Anayeshika nafasi apakue mwenyewe taarifa ya paybill, nambari ya kupokelea malipo ya M-Pesa, asitumie Exceli aliyoachiwa. Alinganishe nambari za miamala ya M-Pesa, zile zenye herufi na tarakimu, jumla 10, na vitabu vya risiti. Malipo yakiingia tarehe 3 na risiti ikaandikwa tarehe 9, ampigie mteja.

Mkaguzi wa hesabu
Hilo nakubali, dada. Na duka lenye mhasibu mmoja, mwenye duka afanye ulinganisho huo mwenyewe.

Afisa wa wafanyakazi
Basi meneja anayeidhinisha malipo naye afungiwe nywila wiki hizohizo mbili. Akiachwa nje, siiungi mkono hoja hii.