Rangi za maji: ngozi ya mtoto inageuka tope

Mama_Nuru: Wakuu habari za jioni. Namchora binti yangu wa miaka minne, kaketi kitini, miguu inaning'inia, gauni jeupe, mwanga wa dirisha kushoto. Karatasi ni nene, gramu 300 kwa mita ya mraba, nimeibana kwa tepu. Penseli imekaa vizuri. Uso sasa! Ana weusi wa kung'aa, mimi napata tope. Na gauni nalipakaje?

Bi_Brashi: Karibu mwanangu. Tope huja ukichanganya rangi nyingi, au ukigusa tabaka la chini halijakauka. Nyeusi ya tyubu weka kando kabisa. Chukua siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, na bluu ya ultramarini, basi. Siena ikizidi, una masikio na pua; bluu ikizidi, una kivuli cha shingo. Tabaka la kwanza liwe siena nyepesi, ukiacha karatasi tupu pale panapong'aa: paji, ncha ya pua, shavu la dirishani. Mtoto ataonekana mweupe kama mzimu, mwache tu, weusi unakuja tabaka kwa tabaka. Mwisho pitisha bluu iliyozimuliwa sana kwenye mng'ao, maana pale ngozi inaakisi anga. Kujua kama pamekauka, gusa kwa mgongo wa kidole: pakiwa baridi, bado pana maji. Masika huku pwani mimi natumia draya ya saluni.

Chora_Tu: Gauni sugulia mshumaa, rangi haitashika.

Bi_Brashi: Mshumaa hautoki tena, kijana. Akitaka kuongeza kivuli baadaye atafanyaje? Gauni usilipake, paka mikunjo yake tu, kwa bluu iliyopozwa na tone la siena. Upande wa dirisha karatasi ndiyo kitambaa.

Mama_Nuru: Shikamoo mama, nimeelewa. Ila mume wangu anasema sura ni ya mtu mzima.

Bi_Brashi: Marahaba. Pima macho. Kwa mtu mzima yako katikati ya kichwa. Kwa mtoto yanashuka chini ya hapo, paji linakuwa kubwa. Na mapaja yanayokuja kwako chora mafupi kama unavyoyaona, hata mkono ukikukatalia.

Chora_Tu: Weupe wa macho nao usiuache mtupu, atakodoa. Kivuli kidogo cha kope juu.

Bi_Brashi: Hapo umesema.