Je, jambo lisilotokea liliwezekana kweli?

Mwanahoja aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Nina swali lililozuka katika mjadala kuhusu majaliwa, na ningependa kulipatia jibu la kifalsafa badala ya maneno ya kunituliza tu. Kila siku tunasema kwamba kokwa la embe lililotupwa jalalani likaoza lingeweza kuwa mwembe, au kwamba mgombea aliyeshindwa angeweza kushinda. Lakini nikilipasua kokwa hilo naona ganda gumu lenye nyuzi, na ndani yake mbegu nyeupe iliyojikunja. Mwembe siuoni popote. Likishaoza bila kuota, ni kitu gani hasa kilichokuwapo ambacho naweza kukiita uwezekano wa mwembe? Mwenzangu mmoja alishikilia kwamba hakikuwapo kitu chochote: lililotokea ndilo pekee lililowezekana, na hayo mengine tunayasema kwa kuwa hatuzijui sababu zote zilizolileta. Naamini amekosea, ila sijaweza kuonyesha kosa lake liko wapi.

Mpima Maneno alijibu:

Ndugu Mwanahoja, msimamo wa mwenzako ni wa kale, na ulipata watetezi hodari. Wanafalsafa wa Megara, mji wa Ugiriki ulio karibu na Athens, walidai kwamba kitu kina uwezo pale tu kinapoutumia. Kwa hiyo mjenzi asiyejenga kwa wakati huo hawezi kujenga. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwajibu katika kitabu cha tisa cha Metafizikia, na sijaona jibu lililolipita lake. Mjenzi anapoacha kazi, je, ufundi wake umemtoka? Na anaporudi na kuuendeleza ukuta uleule, ameupata wapi tena, ilhali hakwenda kujifunza upya? Kwa hoja hiyohiyo, mtu anayefumba macho angekuwa kipofu mara nyingi kwa siku moja, na aliyeketi asingeinuka kamwe, kwa sababu asiyesimama angekuwa hana uwezo wa kusimama. Ukiufuta uwezo usiotumika umefuta mabadiliko yote, na mtu anayeishi kati ya vitu vinavyobadilika hawezi kuliamini hilo kwa dhati.

Hata hivyo, Aristotle hakudai kwamba uwezo ni kitu cha pili kilichojificha ndani ya kitu cha kwanza. Mwembe hukuuona ndani ya kokwa kwa sababu haumo. Kilichomo ni maumbile ya mbegu, ambayo ni halisi kabisa, na ambayo yakipata udongo, maji na joto, pasiwepo kizuizi, huchipua mwembe wala si mti mwingine. Weka kokoto kando ya kokwa hilo jalalani. Vyote viwili havikuwa mwembe. Kama lililotokea ndilo pekee lililowezekana, basi kokoto na kokwa havikutofautiana hata kidogo kuhusu mwembe, na mkulima yeyote atalikataa hilo papo hapo.

Kwingineko alitaja vazi ambalo linaweza kukatwa, ingawa halitakatwa, kwa maana litachakaa kwanza. Siku ya kukatwa kwake haitafika, lakini kitambaa chake ni cha kukatika tangu siku kilipofumwa.

Binti Pate alijibu:

Nakubaliana na Mpima Maneno kuhusu kokoto, lakini naona hajamgusa mwenzako pale anapotegemea sababu. Mwenzako atasema: kwa jua lile, kwa jalala lile, kwa mkono ule uliolitupa, kokwa lisingeweza kufanya lingine ila kuoza. Hapa Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037, anatusaidia zaidi kuliko Aristotle. Alitofautisha kitu kinachowezekana kwa dhati yake, yaani kwa asili yake chenyewe, na kitu kilicholazimika kwa sababu ya kingine, akaeleza kwamba sifa hizo mbili hukutana katika kitu kimoja bila kupingana. Kila kinachotokea kimelazimishwa na sababu zake. Lakini kikitazamwa chenyewe, bila sababu hizo, hakina ulazima wa kuwapo wala wa kutokuwapo. Kuoza kwa kokwa kulilazimika kwa hali ya jalala, si kwa dhati ya kokwa. Mwenzako ameuchukua ulazima uliotoka nje akauweka ndani ya kitu chenyewe, na hapo ndipo lilipo kosa unalolitafuta.

Sisi tuliosomeshwa tauhidi madrasani tunaujua mgawanyo wa wajibu (kisichoweza kutokuwapo), muhali (kisichoweza kuwapo) na jaizi (kinachoweza kuwapo au kutokuwapo), na wengi wetu tuliukariri bila kuambiwa ubishi mzito ulioko karibu yake. Ibn Sina aliona kwamba kila kinachoanza kuwapo lazima kiwe kiliwezekana kabla ya kuwapo, na kwamba uwezekano huo hauelei peke yake, bali unahitaji maada, yaani kitu ambacho vitu hutengenezwa kwacho, ya kuubeba. Kutokana na hilo akahitimisha kwamba maada haina mwanzo. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, akalikataa hilo kwa hoja kali: uwezekano ni hukumu ya akili, kwani kama ungehitaji kitu cha kuubeba, kutowezekana nako kungehitaji kitu, ilhali muhali hauna kitu chochote kilichopo. Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1198, akamjibu kwamba hukumu ya akili huwa kweli pale tu inapoafikiana na jambo lililoko nje ya akili. Kuhusu kokwa namfuata Ibn Rushd. Kuhusu ulimwengu mzima sithubutu, kwa sababu uwezekano wa ulimwengu kuwapo hauwezi kuwa uwezo wa kitu kilichomo ndani yake.

Mwanahoja aliandika tena:

Nawashukuru, Mpima Maneno na dada Binti Pate. Kuhusu kokwa nimeridhika. Linabaki suala la mgombea, kwa sababu uchaguzi umekwisha na yaliyopita hayabadiliki. Nikisema leo "angeweza kushinda", nazungumzia kitu gani?

Mpima Maneno alijibu:

Ni kweli kwamba leo hawezi tena kushinda uchaguzi ule. Lakini sentensi yako haisemi kwamba anaweza sasa. Inasema kwamba wakati ule aliweza, na hilo halifutwi na matokeo.

Wanafalsafa wa karne iliyopita walikuwa na mfano wao halisi: Hubert Humphrey, aliyeshindwa na Richard Nixon katika uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 1968. David Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alishikilia kwamba malimwengu yote yanayowezekana, yaani kila namna ambayo mambo yote yangeweza kuwa, yapo kama huu wetu ulivyo, na kwamba kuuita huu "halisi" ni kama kupaita mahali tulipo "hapa". Kwa mujibu wake, Humphrey angeweza kushinda kwa sababu katika ulimwengu mwingine yupo mtu anayefanana naye sana aliyeshinda. Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1970, alikuwa amekwisha kueleza kwa nini jibu la namna hiyo halitoshi: Humphrey hajali kama mtu mwingine, hata akifanana naye vipi, alishinda mahali pengine. Kinachomuuma ni kwamba yeye mwenyewe angeweza kushinda. Kripke alisema pia kwamba malimwengu yanayowezekana hayagunduliwi kwa darubini. Sisi ndio tunaoyaeleza, tukianza na watu na vitu tulivyo navyo.

Nasimama upande wa Kripke, na naona jibu lake linaungana na yale tuliyosema juu ya mbegu. Pengo la kura za wananchi kati ya wagombea hao wawili lilikuwa pungufu ya asilimia moja. Ushindi wa Humphrey uliwezekana kwa sababu wapigakura walewale, wakiwa na karatasi zilezile mikononi, walikuwa na uwezo wa kuchagua vingine, na uwezo huo walikuwa nao kabla ya kura ya kwanza kupigwa.