Wisconsin: kiwango cha kuua mbwa mwitu kilipitilizwaje?

Mkulima_Njombe: Wakuu, nasikia Wisconsin, jimbo la Marekani, mwaka 2021 waliruhusu kuwinda mbwa mwitu (wolf), wakaua kupita kiwango. Kwani hakuna anayehesabu?

Mama Neema (Madison): Anayehesabu yupo kaka, ila taarifa zilichelewa. Wawindaji wenye leseni za jimbo waliruhusiwa kuua 119. Wakaua 218 kwa muda usiofika siku tatu! Theluji ilikuwa mpya, nyayo zinaonekana waziwazi, na mbwa wa kuwindia waliruhusiwa. Mwindaji alipewa saa 24 kuripoti, na jimbo likitangaza kufunga msimu, zilipaswa kupita saa 24 nyingine. Hapo unategemea nini? Halafu Februari, msimu wao wa kupandana. Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walitengewa 81, hawakutaka kuua. Kwao mnyama huyu ni ndugu.

Juma wa Bandarini: Ongezea na leseni 20 zilizotolewa kwa kila mbwa mwitu mmoja aliyeruhusiwa kuuawa. Ilikuwa vurugu tu.

Mkulima_Njombe: Na wafugaji wanaoliwa ndama?

Mama Neema (Madison): Jimbo huwalipa fidia, ingawa kero yao naielewa. Februari 2022 mahakama ikawarudishia mbwa mwitu ulinzi wa sheria ya taifa, uwindaji ukasimama.