Tupeane uzoefu: mbwa wako alikuhangaisha zaidi utotoni, ukubwani au uzeeni?

Mlinda Geti
Wakuu, habari za usiku. Mbwa wangu anakaribia miaka 11. Zamani nikifika getini ananisikia kabla sijazima injini, anazunguka kama pia. Hii ni wiki ya pili anabaki amelala, anapiga mkia chini mara mbili, basi. Chakula anakisogelea, anakinusa, anakiacha. Nyumbani wanasema ni uzee. Karibu nikubali, ila roho inakataa. Aliyelea mbwa toka hajafungua macho mpaka mvi zikamwota mdomoni atuambie ni kipindi gani kilimtoa jasho.

Nyayo Nne
Utotoni, sina ubishi. Nilimchukua ana wiki saba, aliyenipa akaniapia kachanjwa. Kweli kachanjwa, mara moja. Hakuna aliyeniambia kwamba kinga aliyonyonya kwa mama yake huweza kuizima chanjo ya kwanza, ndiyo maana hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Wiki ya tisa nikamtoa matembezi. Siku chache mbele akaanza kutapika povu, kisha kuhara damu, na ile harufu ukiinusa mara moja huisahau. Parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Dripu siku nne, alfajiri ya tano akafa mkononi mwangu.

Kosa kubwa likafuata. Miezi mitatu haijaisha nikaleta mwingine, uwanja uleule, nimeusafisha kwa sabuni tu. Sabuni ya kawaida haiui kirusi kile, na kwenye udongo kinakaa miezi mingi. Wa pili naye nikamzika pembeni ya mwenzake.

Tumbili Mpole
Pole sana mkuu. Mimi mmoja, mwaka huohuo niliompata.

Kisima
Sakafu ni dawa yenye klorini. Udongo huna la kuufanya, lete mbwa aliyekwisha maliza chanjo zake. Na mtoto asitoke nje ya geti mpaka amalize.

Mbayuwayu
Hapo kwenye kutotoka nakupinga, Kisima. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa anapoijua dunia. Wangu nilimfungia ndani miezi minne kwa woga huohuo. Leo ana miaka mitano, akisikia pikipiki anajikojolea, mgeni akiingia lazima nimfungie chumbani. Yuko hai, lakini anaishi na hofu kila siku.

Kisima
Bora mwoga aliye hai, dada. Waulize waliozika.

Nyayo Nne
Mimi nimezika, na bado nasema Mbayuwayu ana hoja. Mbebe. Asikie honi, aone watoto na wazee, ila miguu isiguse walipopita mbwa wengine.

Tumbili Mpole
Wangu wiki ya kumi alishakuwa mzigo wa gunia. Nilimtembeza kwenye toroli.

Mama wa Kahawia
Ukubwani. Mnisamehe, nitaandika ndefu, sijawahi kulisimulia hili.

Kahawia alikuwa na miaka saba, hajawahi kuugua. Alimaliza joto lake, yaani kipindi cha kutaka dume, vizuri. Kama mwezi na nusu hivi baadaye nikaona bakuli la maji linakauka mchana. Nikajaza. Linakauka tena. Usiku anaomba kutoka kukojoa mara tatu, nne. Nikasema ni jua kali. Siku ya sita hakuamka kunipokea. Nikamgusa tumbo, limejaa, gumu. Ufizi umepauka. Hakuna usaha wala damu nyuma, nilikagua, nikajipa moyo kuwa haiwezi kuwa kizazi.

Nikampigia daktari wa mifugo usiku wa manane. Swali lake la kwanza: "Joto lilikwisha lini?" La pili: "Anakunywa maji sana?" Kisha akasema mlete sasa hivi, usingoje kuche. Kizazi kilikuwa kimejaa usaha, na mlango wake umefunga, ndiyo maana hakikutoka kitu nje. Kingepasuka ningempoteza. Walipokitoa niliona kilivyovimba, nikakaa chini ukumbini nikalia. Alipona, akaishi miaka minne zaidi. Lakini siku sita zile za kujaza maji na kuondoka, mpaka leo zinaniuma.

Mbayuwayu
Jamani, nimeinuka kwenda kuangalia bakuli la wangu.

Tumbili Mpole
Mama, asante. Wangu kamaliza joto mwezi jana, kesho namwona daktari.

Kisima
Ndiyo maana watolewe kizazi mapema, kabla ya joto la kwanza.

Nyayo Nne
Mapema kwa nani? Jamii zenye miili mikubwa huachwa mifupa ikomae kwanza. Aulizwe daktari anayemfahamu huyo mbwa.

Mlinda Geti
Wakuu, nimesoma yote. Mzee wangu bado kalala. Maji anakunywa kawaida.

Tumbili Mpole
Hayo ni maungo. Mpe nusu ya kidonge chako cha maumivu, alale vizuri.

Mama wa Kahawia
USITHUBUTU! Vidonge vyetu kama ibuprofen vinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Dawa ya maumivu ya mbwa ipo, na anaiandika daktari.

Tumbili Mpole
Sikujua, mama. Nimefuta wazo. Mkuu usinisikilize.

Nyayo Nne
Mlinda Geti, anayesogelea chakula, akanusa na kukiacha, huenda njaa anayo ila kula kunamuuma. Mfungue mdomo taratibu, angalia nyuma kabisa, juu, pande zote mbili. Mbwa huficha maumivu, na uzee peke yake haumnyimi chakula.

Mlinda Geti
Nimefungua. Upande wa kushoto jino kubwa la juu limepasuka, ufizi umevimba mwekundu, na chini ya jicho kuna kiuvimbe nilichodhani ni manyoya. Nilipokigusa hakulia, alinitazama tu, akanilamba kidole.

Nimemlowekea chakula kwa maji ya uvuguvugu, kala robo bakuli. Saa moja asubuhi tuko mlangoni kwa daktari.