Nimekataliwa kadi ya mkopo mara 3 ndani ya wiki moja (Marekani). Ni kwa sababu ni mama wa nyumbani?

BintiPangani
Wakuu, habari za saa hizi. Nawasalimu kutoka Columbus, Ohio, baridi imetuingia hadi kwenye mifupa.

Nina miezi 8 huku, mume wangu ndiye aliniombea kibali cha kuja kuishi. Yeye yupo tangu 2019, anaendesha lori la kampuni. Mimi nalea mtoto wa mwaka na nusu, na wikiendi nafunga maboksi kwenye ghala la hapa jirani, napata kama dola 800 kwa mwezi. Green card ninayo, namba ya Social Security ninayo, na akaunti yangu haijawahi kwenda hasi hata siku moja.

Jumatatu niliomba kadi ya mkopo kwenye benki hiyohiyo ninayoweka hela. Sijamaliza hata kushusha simu, jibu hilo: hapana. Nikasema hawa wana roho mbaya, nikaomba kwingine. Hapana. Ijumaa nikajaribu kadi ya duka la nguo, shoga yangu aliniapia kuwa ile hata paka anapewa. Paka labda.

Barua zimefika zote tatu. Zinasema historia ya mikopo haitoshi, kipato hakitoshi, na ya mwisho imeongeza kuwa nimeomba sana siku za karibuni. Sasa nawaza: ni kwa vile nimeolewa na sina kazi ya maana? Au wameona mtoto anapata maziwa ya WIC, ule msaada wa serikali wa chakula kwa kina mama na watoto wadogo? Na ule mkopo niliochukua Tanga nikaulipa wote bila kuchelewa, hauhesabiki?

DerevaWaUsiku
Pole dada. Kwanza acha kuomba, tafadhali! Kila ombi linaacha alama kwenye ripoti yako ya mikopo kwa miaka 2. Haliui, lakini matatu kwa wiki kwa mtu ambaye faili lake ni jeupe, unaonekana una shida ya hela.

MtotoWaMjini
Andika kipato dola 60,000 uone kama hutapewa. Mimi nilifanya hivyo 2021, hakuna aliyeniuliza.

ShangaziWaHouston
Wewe hapo juu, usimponze mtoto wa watu. Kudanganya kwenye ombi la mkopo wa benki ni jinai ya serikali kuu, na kwa mtu mwenye green card ambaye kesho ataomba uraia, huo ni moto wa kujiwashia mwenyewe.

Binti, nijibu mambo mawili. Kwenye fomu, kipato uliandika kiasi gani na kodi ya nyumba kiasi gani? Na mshahara wa mumeo unaingia akaunti ipi?

BintiPangani
Shikamoo shangazi. Kipato niliandika 9,600 kwa mwaka, ndio wangu. Kodi 1,350 kwa mwezi, ndiyo tunayolipa. Mshahara wake unaingia kwenye akaunti yetu ya pamoja, kama 52,000 kwa mwaka, na matumizi ya nyumbani natoa humo.

ShangaziWaHouston
Marahaba mwanangu. Basi tatizo ndilo hilo. Umeandika kipato cha mtu mmoja na kodi ya watu wawili. Piga hesabu: 1,350 mara 12 ni 16,200, na wewe umesema unaingiza 9,600. Kompyuta imemwona mtu ambaye kodi ya nyumba peke yake inakula mshahara wote na bado inadai. Hata mimi nisingekukopesha, na nakupenda.

Kanuni za huku zilibadilishwa 2013, nadhani kwa kuwafikiria kina mama kama wewe. Ukiwa na miaka 21 au zaidi, unaruhusiwa kuandika na kipato cha mwenzako ambacho unakifikia kihalali, na mshahara unaoingia akaunti ya pamoja ni mfano wenyewe. Kwa hiyo kipato chako cha kweli cha kuandika ni 61,600. Umeona? Yule kijana alitaka udanganye, na uongo wake ni mdogo kuliko ukweli wako.

Kuhusu kuolewa: tangu 1974 kuna sheria inayokataza kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya ndoa au jinsia, na 1976 wakaongeza dini, asili yake na kupata msaada wa serikali. Kabla ya sheria hiyo benki zilikuwa zikimwambia mke akalete sahihi ya mume. WIC haimo kwenye ripoti ya mikopo, wala mshahara, wala mtoto. Wanachokiona ni madeni na tarehe, halafu wanakisoma pamoja na ulichowaandikia mwenyewe kwenye fomu.

Tanga ndiyo imebaki Tanga. Ule mkopo hawauoni. Kwa alama za FICO, zile ambazo wakopeshaji wanampimia mtu, unahitaji walau akaunti moja ya mkopo iliyofikisha miezi 6, na wewe huna hata moja. Huna sifa mbaya, ni kwamba huna sifa kabisa.

KakaMhasibu
Nakazia kwa shangazi. Shemeji ana kadi? Kama anayo, anaweza kukuongeza kama mtumiaji wa pili, na historia yake ikaanza kuonekana kwako. Ila niambie kwanza anadaiwa kiasi gani.

BintiPangani
Anayo moja, kikomo dola 3,000. Gia boksi ya gari letu iliharibika Desemba, kwa hiyo inadaiwa 2,700.

KakaMhasibu
Loh! Usijiunge nayo kwa sasa. Utarithi kadi iliyojaa asilimia 90, na hicho ndicho wakopeshaji wanachokiogopa. Aishushe kwanza chini ya 900, ndiyo asilimia 30, halafu akuongeze.

Wewe anza na kadi ya amana. Unaweka dola 200 au 300, na hiyo ndiyo inakuwa kikomo chako. Jaribu kwenye vyama vya ushirika vya akiba, vile ambavyo ni kama SACCOS zetu, mara nyingi vina huruma kuliko benki kubwa. Uliza kabla ya kusaini: mnapeleka taarifa kwa kampuni zinazotunza ripoti za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, zote tatu? Wakisita, ondoka. Ukiipata, itumie kwa bili moja tu, na ulipe kabla taarifa ya mwezi haijafungwa, usingoje siku ya mwisho ya kulipa.

AbuuMwinyi
Na riba je, ndugu zangu?

ShangaziWaHouston
Abuu, ukilipa deni lote kabla ya tarehe hakuna riba inayokatwa. Kuhusu kusaini mkataba wenye sharti la riba, masheikh wenyewe wametofautiana, muulize unayemwamini.

DerevaWaUsiku
Dada, ukishakataliwa una siku 60 za kudai ripoti ya bure kutoka kampuni iliyotajwa kwenye barua. Idai. Sisi wenye majina matatu tunachanganywa sana, mimi nilikuwa nimeunganishwa na mtu wa Dallas anayedaiwa samani.

BintiPangani
Nimerudi. Ripoti nimeitoa jana usiku mtoto alipolala. Nilidhani nitakuta maisha yangu yote humo. Kuna jina langu, limeandikwa kwa namna mbili, mara moja jina la babu limekuwa la ukoo na mara moja limerukwa kabisa. Kuna anwani ya hapa. Kuna maombi matatu ya wiki ile. Basi.

Benki ya kwanza niliwapigia kama nitaweza kusahihisha kipato. Dada wa kwenye simu alikuwa mpole, akasema hata kikirekebishwa, bila historia jibu litabaki lilelile. Kwa hiyo Jumamosi nakwenda kwenye chama cha ushirika na dola 300. Baba Nasra amekubali kupunguza deni la kadi yake, ingawa alinuna nilipomwonyesha ile hesabu ya asilimia 90.

Bili ya kuanzia naona iwe ya simu, dola 35. Jina nilirekebishe kabla ya Jumamosi au baada?

ShangaziWaHouston
Kabla. Na uandike kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, herufi kwa herufi, hata kama walikosea jina la babu.