Maneno ya Kijapani mou na mada: jibu langu lina kosa gani?

Kijana wa Umoja
Wadau, habari za jioni. Nina miezi mitatu nikisoma Kijapani, darasa letu ni la Jumamosi hapa mjini, na Desemba nataka kufanya mtihani wa N5, ile ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kijapani. Juzi mwalimu aliniuliza: "Mou hirugohan o tabemashita ka?", yaani nimeshakula chakula cha mchana? Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu nipande matatu asubuhi, nikajibu: "Iie, tabemasen deshita" (hapana, sikula). Akatikisa kichwa, kipindi kikaisha. Nimepekua daftari lote. Kanusho la tabemashita si ndilo hilo? Na hiyo mou inafanya nini pale mbele?

Dada wa Kawangware
Jibu ni "mada desu". Au "iie, mada tabete imasen".

Msomaji wa Usiku
Dada yuko sahihi, ila ngoja nikueleze sababu, maana hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza cha vitabuni. Mtu akikuuliza saa saba mchana "umeshakula?" nawe una njaa, utajibu "sikula"? Hata. Utasema "bado", na hakuna atakayeuliza bado nini. Hiyo ndiyo mada desu. "Sikula" ni kama wakati wa chakula umepita na hakuna cha kungoja tena, na ndivyo mwalimu alivyokusikia. "Mada tabete imasen" ni "bado sijala" (wengi wetu Nairobi husema "sijakula", ni yale yale). Mou nayo ndiyo -mesha- yetu: mou tabemashita, nimeshakula.

Tena bado yetu hukaa na yakinishi pia, na mada vivyo hivyo: mada tabete imasu, bado ninakula. Mimi hili lilinifurahisha sana, kuona neno la mbali hivyo likitembea sambamba na letu.

Inayohitaji uangalifu ni mou. Ikikutana na kanusho inageuka: mou tabemasen ni "sili tena". Ukiwa mgeni kwa watu, ukaitamka ukidhani umesema hujala, wataondoa sahani.

Kijana wa Umoja
Ahsante sana, kaka. Basi nikiulizwa "mou shukudai o shimashita ka?" na kazi ya nyumbani sijaigusa, ni "mada shite imasen"?

Msomaji wa Usiku
Hapo hapo. Lakini usiitupe tabemasen deshita. Ukiulizwa "kinoo hirugohan o tabemashita ka?" (jana ulikula chakula cha mchana?) ndilo jibu lenyewe, kwa kuwa jana imekwisha, huwezi kuwa bado unaingoja.

Dada wa Kawangware
Na kinoo usiiwekee "ni" ya Kijapani nyuma yake. Ashita (kesho) na mainichi (kila siku) pia hazitaki. "Ni" ni ya saa na tarehe: shichi-ji ni okimasu, naamka saa moja. Shichi ni saba, lakini shichi-ji ya asubuhi kwetu ni saa moja. Hapo niliteleza mara nyingi, nikawa natafsiri saa saba.

Kijana wa Umoja
Kumbe! Mimi hiyo shichi-ji nimeiandika saa saba daftari zima. Naenda kurekebisha sasa hivi.